Wanaokesha Ufuoni Manda



Anayesimama pwani ya Shela baada ya sala ya alfajiri, akatazama ng'ambo ya mkondo, huiona Manda ikitoka gizani kidogo kidogo: kwanza mchanga wa Ras Kitau, kisha weusi wa mikoko, kisha mashua za kwanza zinazowavusha wasafiri kwenda kiwanja cha ndege. Wengi wetu tunaijua Manda kwa kiwanja hicho na kwa magofu ya Takwa. Juma hili tungependa kuwazungumzia watu ambao, saa hiyo tunapofungua madirisha, wao wamekwisha kutembea ufuo mzima na wanarudi majumbani. Walikuwa wakitafuta alama moja tu mchangani: mburuzo mpana unaopanda kutoka majini na kushuka tena, mfano wa mtu aliyeburuta kidau na kukirudisha baharini. Ni alama ya kasa aliyepanda usiku kutaga.

Mlinzi akiiona alama hiyo, hutazama kama kiota kiko mahali salama. Kikiwa chini ya mstari wa maji makuu, mayai huhamishwa juu zaidi, na kazi hiyo yataka kufanywa mapema na kwa mkono mwepesi. Yai la kasa, saa chache tu baada ya kutagwa, halitaki kugeuzwa. Likigeuzwa, kilichomo ndani hufa. Kisha huandikwa tarehe, mahali, na idadi. Baada ya siku 50 hadi 60, mchanga hutikisika, na vitoto hutoka kwa pamoja kuelekea baharini, vikiongozwa na mwanga wa upeo wa maji. Siku hiyo mlinzi huwa hapo tena, kuwazuia kaa, ndege na mbwa, na kuhesabu maganda yaliyobaki.

Kazi hii ina wenyewe, na wenyewe hao wana viongozi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 pamekuwapo Shela jumuiya ya kuhifadhi bahari ya Lamu, ambayo hulinda viota vya ufuo wa Shela na vya Manda. Katika bandari ndogo na vijiji vya wavuvi zipo kamati za ufuo zilizoundwa kwa kanuni za uvuvi za mwaka 2007, ambazo wengi huziita kwa kifupi BMU. Mkutano wa wanachama huwachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Vipo pia vikundi vya vijana na vya akina mama wanaopanda mikoko. Baadhi ya wanaotembea ufuoni hupata posho kidogo. Lakini wale wanaobeba uenyekiti na ukatibu katika vikundi vya vijiji, kwa kawaida hawana mshahara. Wana nyavu zao za kushona, maduka yao, madarasa yao, na baada ya hayo yote ndipo huketi kuandika barua kwa Idara ya Uvuvi au kumpokea ofisa wa Shirika la Wanyamapori.

Kwa nini mtu akubali mzigo kama huo? Swali hili ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Kwani tumeona kwamba mahali ambapo uongozi wa kujitolea umesimama imara, viumbe wamesalia, na mahali ulipoanguka, mradi uliofadhiliwa kwa fedha nyingi umebaki kuwa kibao cha bati kando ya njia.

Tumtazame kwanza kiumbe mwenyewe. Kasa jike hufukua shimo la kina cha kama nusu mita na kutaga mayai 100 au zaidi. Wataalamu hukadiria kuwa katika vitoto 1,000 huenda akafikia utu uzima mmoja tu. Na huyo mmoja hafiki haraka. Kasa wa kijani huhitaji miaka 20 hadi 30, pengine zaidi, kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Na atakapotaga, hurudi katika eneo alikozaliwa. Maana yake ni kwamba mwenyekiti anayekilinda kiota leo Manda, akiwa na umri wa miaka 50, hana matumaini makubwa ya kumwona jike huyo akirudi. Anayalinda matunda ya mti ambao kivuli chake kitawafunika wajukuu. Malipo ya kazi kama hii hayawezi kuhesabiwa mwisho wa mwezi.

Tena kasa hana pasipoti. Wanasayansi waliwahi kuwafuata kwa setilaiti kasa waliotaga katika visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi, na mmoja wao aliogelea karibu kilomita 4,000 hadi pwani ya Somalia. Anayekula nyasi za bahari karibu na visiwa vyetu leo, huenda alitaga Komoro au Shelisheli. Kwa hiyo ulinzi wa kijiji kimoja, hata ungekuwa wa namna gani, hautoshi. Ndiyo sababu juu ya kamati zetu za ufuo imejengwa ngazi ya watu wengine, nao vilevile ni wa kujitolea.

Nchini Kenya ipo kamati ya kuhifadhi kasa inayojulikana kwa jina la KESCOM, iliyoanza katika miaka ya 1990 ili kuviunganisha vikundi vya vijijini, watafiti na idara za serikali. Kule Watamu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wako watu ambao hushirikiana na wavuvi kuwatoa kasa walionaswa nyavuni na kuwarudisha baharini wakiwa na kipande cha madini chenye nambari kwenye pezi. Katika eneo zima la magharibi mwa Bahari ya Hindi kipo kikosi cha wataalamu wa kasa kutoka nchi mbalimbali, kinachofanya kazi chini ya kivuli cha Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 na maafikiano ya kasa yaliyoanza kutumika mwaka 2001. Na huko Unguja ndiko yaliko makao ya WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya eneo letu, iliyoasisiwa mwaka 1993. Jumuiya hiyo ina watendaji wake, lakini wadhamini wake huchaguliwa na wanachama, nao ni watu wenye kazi zao nyingine vyuoni na katika taasisi. Profesa anayesoma ripoti usiku baada ya kusahihisha mitihani, na nahodha wa Manda anayeandika idadi ya mayai kwa kalamu ya risasi, wameshika ncha mbili za kamba moja. Ncha moja ikiachiliwa, kamba yote hulegea. Profesa hawezi kujua kilichotokea ufuoni isipokuwa kwa daftari la nahodha. Na nahodha hawezi kujua kama kasa wake amefika salama ng'ambo isipokuwa kwa mtandao wa profesa.

Hata hivyo, tusidhani kwamba ugumu wa uongozi huu ni kukosa usingizi. Ugumu wake wa kweli ni ndugu na jirani. Natuuweke mfano, wala hatumkusudii mtu yeyote. Mwenyekiti wa kamati anashuka pwani usiku wa manane, anaikuta mashua ya ami yake, mzee aliyemlea na kumfundisha kushika usukani. Ndani ya mashua, chini ya tanga, yumo kasa amelazwa chali.

“Assalamu alaykum, ami.”

“Wa alaykumu salaam, mwanangu. Pita zako. Hukuona kitu.”

“Nimeona, ami.”

“Jarife langu limechanika, siku ya tatu hii sina samaki. Nyumbani wananingoja. Sheria yako itawalisha?”

Ni jibu gani litakalomtosha mzee huyu? Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 i wazi: kasa ni kiumbe anayelindwa, na adhabu yake ni nzito. Lakini mwenyekiti aliyechaguliwa na watu wake hana bunduki wala pingu, na kesho atasimama safu moja na ami yake msikitini. Akinyamaza, uongozi wake umekwisha, kwani mji wote utajua kabla ya adhuhuri. Akipiga simu polisi usiku ule ule, huenda akaipata sheria na akaupoteza ukoo. Viongozi wenye busara hupita njia ya tatu, nayo ni ndefu: humrudisha kasa majini pamoja na mzee mwenyewe, mkono kwa mkono; hubeba unga na samaki hadi nyumbani kwake asubuhi; na jambo la jarife lililochanika hulipeleka mbele ya kamati, ili pasiwe na mvuvi mwingine atakayelazimika kuuza haramu ya sheria kwa sababu ya njaa. Akirudia mara ya pili, hapo huambiwa mapema kwamba sheria itachukua mkondo wake.

Wapo watakaosema kwamba kasa ni riziki ya kale ya pwani hii. Ni kweli, na hatuna haja ya kuikana historia yetu. Wavuvi wa Kibajuni walijulikana kwa kumtumia samaki chazo, aliyefungwa kamba mkiani, ili amnate kasa na kuvutwa pamoja naye. Na magamba ya ng'amba yaliuzwa kutoka pwani hii kwa karne nyingi. Lakini wahenga hao walivua kwa kamba moja na chazo mmoja. Hawakuwa na nyavu za nailoni, wala mitambo, wala taa za umeme zinazovipotosha vitoto njia na kuvielekeza nchi kavu badala ya baharini.

Tena kuna jambo linalomgusa kila mzazi. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu tisa, wanane kati yao watoto, walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine kwa makumi wakalazwa hospitalini. Nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu ambayo kupika hakuiondoi, wala macho hayawezi kuitambua. Mwenyekiti anayemzuia jirani asimchinje kasa huenda siku hiyo amewaokoa watoto wa jirani huyo. Hatashukuriwa, kwa kuwa msiba ambao haukutokea hauna shahidi.

Sisi watu wa visiwani si wageni wa uongozi usio na mshahara. Nani aliyemlipa mutawalli wa wakfu aliyelinda shamba la minazi ili mapato yake yawashe taa za msikiti? Nani aliyewalipa waliochimba visima na kuvisafisha kila mwaka? Wakfu ni mali iliyotolewa milki ya watu, ikabaki manufaa yake. Msimamizi wake si mwenyewe, bali ni mwaminiwa. Twaona kwamba ufuo wa Manda ni mfano wa wakfu ambao haukuandikwa na kadhi. Hakuna aliyeuumba kasa, na hakuna anayeweza kuurudisha uzao wake ukishakatika. Wasomaji wetu wanakijua kisa kilichopokewa katika hadithi, cha masahaba waliochukua makinda ya ndege safarini, na mama yao akawa anaruka juu yao kwa uchungu. Mtume, rehema na amani zimshukie, akaamuru makinda yarudishwe. Amri ile ilitolewa kwa ajili ya makinda ya ndege mmoja.

Na kama tunataka mfano wa amana iliyovuka vizazi, tusiende mbali. Manda yenyewe inao. Takwa ulikuwa mji wenye ukuta na msikiti wa Ijumaa, ukasitawi kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha wenyeji wake wakauhama, wengi wakivuka kwenda Shela. Nje ya ukuta limebaki kaburi lenye mnara, na maandishi yake yana tarehe ya mwaka 1094 Hijria, yaani karibu na mwaka 1683. Miaka mia tatu na zaidi imepita, na imeandikwa na wataalamu wa mambo ya kale kuwa watu wa Shela wameendelea kuvuka mara mbili kwa mwaka kuja Takwa kuomba mvua. Hakuna ofisi iliyowatuma. Kila kizazi kilimshika mkono mtoto, kikampandisha mashuani, kikamwonyesha njia ya kupita mikokoni wakati wa maji kujaa. Desturi hiyo ilidumu kwa sababu haikuwa ya mtu mmoja.

Hapa ndipo tunapotaka kusema neno la nasaha kwa viongozi wetu, kwa mapenzi na heshima. Vikundi vingi havifi kwa kukosa fedha. Hufa kwa maradhi matatu.

La kwanza ni kiti kisichoachwa. Mwenyekiti aliyeanzisha kikundi hubaki miaka 15, naye hufanya kazi kweli kweli, hata watu wakaacha kujifunza kwa kuwa yeye yupo. Siku anapougua, hakuna anayejua ni ofisa gani wa kupigiwa simu wala kiota kipi kinakaribia kupasuka. Kanuni za kamati za ufuo zimeweka uchaguzi kwa muda maalumu, na faida yake ni hii: kumlazimisha kiongozi amwandae mwingine. Kiongozi mwema ajiulize kila mwaka, je, nikifa leo, kesho alfajiri nani atatembea ufuoni?

La pili ni daftari lililofungiwa. Kumbukumbu za miaka mingi za viota, kasa waliokufa na nyavu zilizokamatwa hukaa katika sanduku la nyumba moja, na mchwa ndiye msomaji wake. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe mwaka 2021 katika ghuba ya Manda, haja ya kumbukumbu imezidi. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliyokaa Malindi iliamua kwamba haki za wakaazi zilikiukwa katika mradi huo, na ikaamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kesi ile ilifunguliwa na wenyeji waliojipanga wenyewe. Katika mashauri ya namna hiyo, mwenye tarehe na hesabu husikilizwa kuliko mwenye malalamiko matupu. Basi daftari liwe na nakala mbili au tatu: moja kwa katibu, moja skulini, moja kwa watafiti wanaoaminika.

La tatu ni mfuko usioonekana. Anayefanya kazi bila mshahara huanza kushukiwa siku ya kwanza anapopokea hata nauli ya semina ya Mombasa. Pengine hana kosa lolote; lakini kimya chake humponza. Dawa yake ni rahisi: hesabu isomwe mbele ya watu kila baada ya miezi mitatu, hata kama ni ya shilingi 500. Amana isiyohesabiwa huzaa dhana, na dhana ikiingia, wema wote huonekana kuwa hila.

Nasi familia tuna sehemu yetu. Mke wa mwenyekiti ndiye anayebaki na watoto usiku wa doria, na ndiye anayesikia maneno ya jirani kisimani. Ni haki naye aulizwe kabla mumewe hajakubali cheo, na ni haki shukrani zimfikie. Akina mama wenyewe, ambao wengi wao ndio wanaotia miche ya mkoko matopeni, wasiitwe siku ya picha tu. Waingie katika kamati, washike hazina, wasikilizwe. Wazee wamtume kijana mmoja wa nyumba kufuatana na walinzi japo mara moja kwa mwezi, amwone kasa kwa macho yake. Walimu wa madrasa waweza kuwapeleka watoto ufuoni siku viota vinapopasuka; mtoto aliyekiona kitoto cha kasa kikianguka katika nyayo za mtu na kunyanyuka tena, hatahitaji kusomewa sheria. Na wenye nyumba na hoteli zinazotazama bahari, wazime au wazifunike taa za upande wa ufuo.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini tunaona ndilo kubwa. Tukikutana na mmoja wa watu hawa njiani asubuhi, suruali yake imelowa hadi magotini na macho yake ni mekundu kwa kukesha, tusimwulize analipwa kiasi gani. Tumwulize usiku ameona nini. Huenda akatujibu kwamba hakuona kitu, kwani siku nyingi huwa hivyo: mchanga mtupu, upepo, na mwendo wa kurudi. Na kesho atavuka tena.

Mwenyezi Mungu awajaalie afya wao na watu wao, awape warithi wema katika kazi hii, na atujaalie sisi kuwa majirani wanaowasaidia kubeba. Amin.